Mlima Uko Nyuma ya Nyumba Yako: Maoni ya Bibi Shamba Kuhusu Kutembelea Hifadhi

Wiki hii naomba tuweke pembeni viwavijeshi na bei ya mbolea. Nataka tuongelee jambo ambalo wengi wenu mtasema halituhusu: kwenda kutembelea hifadhi ya taifa. Soma hadi mwisho kwanza, halafu unipinge.

Mimi nafanya kazi ya ugani katika Bonde la Kilombero, chini kabisa ya Milima ya Udzungwa. Kila asubuhi nikifungua mlango nauona mlima. Kwa miaka minane niliuona hivyo hivyo, na sikuwahi kupanda hata hatua moja. Nilikuwa nawaambia wakulima "tunzeni msitu, tunzeni vyanzo vya maji", lakini msitu wenyewe nilikuwa nimeusoma darasani nilipokuwa natafuta stashahada yangu ya kilimo. Mwaka jana, siku moja baada ya ziara yangu shambani, mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza, "Bibi Shamba, na wewe huko juu umeshafika?" Nikasema bado. Akacheka. "Basi tunafundishana tusichokijua."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Ndipo tukapanga safari.

Tulivyokwenda

Tulikuwa watu 15: wanakikundi 14, yaani akina mama tisa na wanaume watano, pamoja na mimi. Kila mmoja aliweka shilingi 1,000 kwa wiki kwenye kikoba, kwa wiki 12. Hiyo ilitutosha kwa kiingilio, muongoza wageni, nauli ya Hiace na chakula. Wapo waliosema ni hela nyingi kwenda kuangalia nyani. Niliwakumbusha kwamba katika wiki hizo 12 kila mmoja wetu alichangia harusi zisizopungua mbili, na hakuna aliyelalamika.

Tulikwenda Agosti, wakati wa kiangazi. Malipo na taratibu tulizimaliza Mang'ula, makao makuu ya hifadhi, kisha tukarudi kijiji cha Sanje ambako njia inaanzia. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara ya gari ndani yake. Ni miguu tu. Ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ipo katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Watu wakisikia neno hifadhi wanafikiria simba na gari lililofunguliwa paa. Udzungwa ni msitu mnene, vijito, vipepeo, mbega juu ya miti na maporomoko ya maji. Yale ya Sanje yana urefu wa karibu mita 170 na yanashuka kwa ngazi tatu.

Tulipanda taratibu. Mwenzetu mmoja mwenye miaka 60 na kitu alikuwa anapumzika kila baada ya dakika chache, nasi tukamsubiri. Tulipofika juu ya maporomoko tukageuka kuangalia tulikotoka. Bonde lote lilikuwa chini yetu: miwa, mpunga, reli ya TAZARA, mabati ya nyumba zetu, na moshi wa miwa iliyokuwa inachomwa. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Kisha yule mama aliyenicheka akaonyesha kidole. "Kumbe kijito chetu kinaanzia huku. Angalia miti yake, mpaka pale. Halafu pale inakatika."

Palipokatika ni pale mashamba yetu yanapoanza.

Hoja ya kwanza: maji

Ilikuwa Agosti, mvua ilishapotea tangu Mei. Huku chini visima vifupi vilikuwa vimeanza kukauka, na watu wa bustani walikuwa wanagombania zamu za maji. Lakini kule juu maji yalikuwa yanaporomoka kwa nguvu, meupe na baridi. Mwanakikundi mmoja akaniuliza yanatoka wapi wakati mvua hakuna.

Jibu nilikuwa nalijua kwa maneno, siku ile nililiona kwa macho. Miti haitengenezi maji. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi yanapanda ubavu wa mashariki wa milima hii, yanapoa na kunyesha. Upande huo mvua inaweza kufika milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ikianguka msituni inapokelewa kwanza na majani ya juu, kisha ya katikati, kisha inadondoka polepole kwenye tabaka la majani makavu. Udongo wa chini ni laini, umejaa mizizi na vijishimo vya wadudu. Maji yanazama, yanakaa humo kama kwenye sifongo, halafu yanatoka kidogo kidogo miezi yote ya kiangazi. Ondoa msitu, mvua itanyesha ile ile lakini itakimbia juu ya ardhi siku moja na tope lote, na Agosti hutakuwa na kitu.

Mto Kilombero, ambao vijito vya milima hii vinaulisha, unachangia zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji. Upande wa kusini wa safu hii ya milima uko Mto Kihansi, unaoendesha mitambo ya umeme ya megawati 180. Huko kuna kisa cha chura mdogo aliyekuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi peke yake duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Vyura wachache walipelekwa Marekani wakatunzwa huko. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini, na mwaka 2012 ndipo waliozaliwa huko Marekani wakaanza kurudishwa Kihansi. Nawasimulia hivi ili muone kwamba maji ya mlima yana wadai wengi, na anayechukua huku juu anampunguzia mwingine huko chini. Na sisi wakulima tumo kwenye orodha hiyo, kama wadai na kama wachukuaji.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Miaka mitatu kabla ya safari ile nilisimamia shamba darasa la mboga kando ya kijito. Ili kikundi kipate matuta ya kutosha, niliwaruhusu kulima hadi ukingoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji, nami niliijua. Nilijiambia ni matuta machache tu, na mboga zitawalipia watoto ada. Tuliposhuka kutoka Sanje niliitisha kikao, nikasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyekosea. Tumeyaacha matuta sita ya karibu zaidi na maji na kupanda majani ya tembo na miti hapo. Kikundi kimepoteza msimu mzima wa nyanya kwenye matuta hayo. Wapo wawili ambao mpaka leo hawajafurahi, na nawaelewa. Bado hatujafikisha mita zote 60, tunasogea msimu kwa msimu. Lakini kama nisingepanda mlima, ningekuwa bado nafundisha kosa.

Hoja ya pili: shamba

Mkulima akiingia msituni ajue anaingia kwenye shamba ambalo halijawahi kuwekewa mbolea ya dukani na halijachoka. Angalia mambo matatu.

Kwanza, udongo hauko uchi hata mahali pamoja. Muongozaji alituruhusu kusogeza majani kwa mkono tuone chini. Juu yalikuwa makavu, chini yake yameanza kuoza, na chini kabisa udongo mweusi wenye unyevu, katikati ya Agosti. Sisi tukivuna mahindi tunachoma mabua ili "shamba liwe safi". Tunachoma matandazo yetu wenyewe, kisha tunakwenda kukopa mbolea.

Pili, msitu una ghorofa. Mti mrefu juu, wa kati chini yake, kichaka, halafu nyasi na magugu ya kivulini. Kwenu mnaolima kokoa pembeni ya milima hii, hicho ndicho kivuli ninachowahubiria kila siku. Ndizi, kokoa na miti mirefu michache vinaweza kukaa pamoja. Ukikata kila mti wa kivuli kwa tamaa ya miche mingi, kokoa inazaa vizuri misimu michache halafu inachoka mapema.

Tatu, kwenye mteremko maji hayapati njia ya kukimbia. Kila hatua kuna mzizi, gogo lililoanguka au shina. Sisi tunalima matuta kutoka juu kwenda chini, halafu tunashangaa tope limefika barabarani. Lima kukingama mteremko. Wakulima wanne wa kikundi chetu wamegeuza matuta yao baada ya safari hii. Niliwaambia jambo hilo hilo kwa miaka mitano bila kunisikiliza. Mlima uliwaambia mara moja.

Hoja ya tatu: biashara

Hii ni kwa mama lishe, wauza ndizi, wenye bodaboda na wenye vigenge. Mgeni anashuka kutoka mlimani amechoka na ana njaa. Mara nyingi anapita mbele ya vibanda vyetu akiwa na chakula alichofungashiwa mjini. Tunasema wageni ni wabahili. Mimi nasema hatujui wanachohitaji kwa sababu hatujawahi kuwa wageni.

Siku ile tulishuka saa tisa alasiri, jasho linatiririka. Tulitaka vitu vinne: choo safi, maji salama ya kunywa, chakula cha moto kilichoiva tayari, na mahali pa kukaa kivulini. Katika vibanda vitatu vya mwanzo tulikosa angalau kimoja. Kibanda kimoja kilikuwa na wali mzuri sana lakini choo chake sitakielezea hapa. Mwanakikundi mwenzetu ambaye ni mama lishe alikaa kimya, kisha akasema, "Na mimi nyumbani nipo hivi hivi."

Leo yeye ameweka choo chenye mlango, ndoo ya kunawia yenye bomba, na ubao wenye bei. Amezungumza na waongoza wageni wawili na kuwaachia namba yake. Wakiwa na kundi la wanafunzi wanampigia simu siku moja kabla, naye anajua apike sahani ngapi. Hajawa tajiri. Kuna wiki hapati simu hata moja. Lakini hapotezi tena mboga kwa kupika bila kujua wateja wangapi.

Ushauri wangu kwa wafanyabiashara ni huu:

Bei iwe moja na ionekane. Mgeni akigundua jirani yake kauziwa nusu ya bei, harudi wala hakusifii.

Uza kilichotoka shambani kwako. Ndizi, mapapai, karanga, asali iliyochujwa na kuwekwa kwenye chupa safi yenye jina la kijiji, vikapu, mikeka. Usiuze kitu chochote cha msituni, iwe ua, gamba, ngozi, mti au mnyama aliye hai. Ni kosa kisheria na utaingia matatani wewe na aliyenunua.

Usitoe bidhaa kwa mkopo kwa mtu usiyemjua. Mwaka juzi alikuja mtu aliyejiita wakala wa wageni, akachukua mikungu tisa ya ndizi na madumu mawili ya asali kwa ahadi ya kulipa Ijumaa. Ijumaa zimepita nyingi. Wakala wa kweli ana leseni, anaandika hati ya mapatano, na anatoa malipo ya awali.

Mzee wa mpunga

Sasa nifike kwenye hoja ngumu. Kabla ya safari nilimwalika mzee mmoja jirani wa shamba letu. Nilimwamkia, akaitikia, tukaongea vizuri. Nilipomweleza safari akaniangalia. "Binti yangu, niende nikalipe hela kumwona tembo aliyekula mpunga wangu? Yeye alinitembelea bila kiingilio."

Sikuwa na jibu siku ile. Ekari mbili za mpunga zilikuwa zimebaki chini wiki mbili kabla ya kuvuna. Mtu wa namna hiyo ukimwambia uzuri wa maporomoko, unamtukana.

Na si tembo peke yake. Akina mama wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walikuwa wanaruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikasimama. Sababu ilielezwa, kwamba msitu unaumia, na ni sababu ya kweli. Lakini mzigo wa kutafuta kuni uliangukia kichwani kwa mama yule yule. Wapo ambao tangu siku hiyo wanauona mlima kama mali ya watu wengine.

Kwa hiyo sisemi kwamba ukienda kutembea, machungu yataisha. Nasema mambo mawili.

La kwanza ni kwamba machungu hayo yana hatua za kuchukua, na wengi hatuzichukui. Tembo akiingia shambani toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji na kwa bwana au bibi shamba, piga picha, pima eneo, usiguse mabaki mpaka yaonekane. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho. Jina lake lenyewe linakuambia kwamba si fidia, halifikii hasara yako, lakini asiye na taarifa hapati hata hicho. Kuna uzio wa mizinga ya nyuki, inayoning'inizwa kwa waya kila baada ya mita 10 hivi. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye hapendi nyuki. Asali ni yako. Kuna kamba zenye vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili iliyosagwa na oili chafu. Hakuna njia inayozuia kwa asilimia mia, lakini majirani wakifanya pamoja hupunguza. Na kuhusu kuni, panda mijohoro mpakani mwa shamba lako. Unaikata, inachipua tena. Tengeneza jiko banifu la udongo, nitakuja kukuonyesha bure.

La pili ni kwamba asiyeijua hifadhi hawezi kuidai. Hifadhi zina idara ya ujirani mwema inayoshirikiana na vijiji kwenye miradi kama madarasa, zahanati na maji. Kijiji kinachokwenda kikiwa na kikao, muhtasari na watu wanaofahamiana na wahifadhi kwa majina kinasikilizwa kuliko kijiji kinachonung'unika kilabuni. Safari yetu ilitupatia nafasi ya kukaa na mhifadhi kwa saa moja. Tuliuliza habari za tembo na kuni bila kuogopa. Majibu mengine hayakutupendeza, lakini tuliyapata ana kwa ana.

Mzee bado hajapanda mlima. Lakini mwezi uliopita aliniuliza mizinga inauzwa wapi. Nimeridhika na hapo kwa sasa.

Wenyeji walijua kwanza

Kuna jambo jingine linalonifanya niseme twende. Nyani aitwaye mangabei wa Sanje hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Wataalamu walimtambua 1979, baada ya kusikia sauti ngeni msituni. Aliyewaambia sauti ile ni ya nani alikuwa mwenyeji aliyekuwa anawaongoza. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kitoweo kambini. Kumbe ni aina ya kwale ambaye sayansi ilikuwa haijawahi kumwandika. Wapishi walikuwa wameshamtia chumvi.

Nacheka kila nikisimulia, lakini kuna somo. Maarifa yalikuwa kwetu, majina yakaandikwa na wengine. Watoto wetu wanaweza kuwa waongozaji, watafiti na walimu wa msitu huu. Hawatakuwa hivyo kama wamekulia chini ya mlima bila kuingia hata mara moja. Mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye wageni wanavuka bahari kuja kumtazama, unaweza kumwona kwa safari ya nusu siku.

Ukitaka kwenda, fanya hivi

Nenda kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza vibaya na kazi za shamba ni nyingi.

Nendeni kikundi. Gharama ya muongozaji na usafiri ikigawanywa inakuwa ndogo. Usiingie peke yako wala usipite njia za panya. Ndani kuna tembo na nyati, na msitu ni mnene, huwezi kuwaona mapema.

Raia hulipa kwa shilingi na ada yake ni ndogo sana kuliko ya mgeni wa nje. Ada hubadilika, kwa hiyo ulizia langoni kabla ya kuanza kuchanga. Beba kitambulisho cha NIDA. Malipo ni kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba, kwa simu au benki, si kwa fedha mkononi. Usimpe mtu yeyote hela bila stakabadhi.

Anza mapema asubuhi. Vaa viatu vinavyokamata chini, suruali ndefu au gauni lisilonasa. Beba maji lita mbili, chakula kidogo, koti la mvua. Mwenye shinikizo la damu au magoti mabovu achague njia fupi. Karibu na makao makuu kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, mume wa malkia wa zamani wa Uholanzi aliyekuja wakati hifadhi inafunguliwa. Mtu mzima anafika bila shida.

Usilishe nyani, usichukue hata mche, na urudi na takataka zako zote.

Mkirudi, kaeni kikao wiki hiyo hiyo. Kila mmoja aseme jambo moja atakalobadilisha shambani au kwenye biashara yake. Andikeni. Bila hapo mtakuwa mmetembea tu.

Maoni yangu

Haya ni maoni yangu binafsi, si tamko la ofisi. Naona kila kijiji kinachopakana na hifadhi kingeweka safari moja kwa mwaka kwenye mpango wake, kama kinavyoweka kusafisha mifereji. Naona hifadhi nazo zingetenga siku ya majirani, wanakijiji waingie kwa kiingilio kidogo zaidi au bure, wakiongozwa na kusikilizwa. Jirani aliyewahi kukaa sebuleni kwako hawezi kukaa kimya nyumba yako ikiungua. Na naona sisi maafisa ugani tungekuwa wa kwanza kupanda, kabla ya kumfundisha mtu yeyote kutunza asichokiona.

Msio wa Kilombero, hili ni lenu pia. Udzungwa ni mwisho wa kusini wa safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Upare, Usambara na Uluguru. Kila mmoja wenu ana mlima wake wenye msitu na kijito kinachotoka humo. Anza na huo.

Kikundi chetu kimeanza tena kuweka shilingi 1,000 kwa wiki. Safari hii tunataka kwenda na wanafunzi wa darasa la sita. Yule mama aliyenicheka ndiye mweka hazina.

Nawatakia kazi njema mashambani.